DAMU YAKO YASEMA NINI KUHUSU MOYO WAKO?

(Mada kwa vijana wa Garsen na vijiji vya Tana Delta)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu kijana, na wewe dada yangu, mada ya leo ni damu na moyo. Huenda ukauliza, kwani Ramadhani na maabara vinahusiana vipi? Vinahusiana sana. Huu ndio mwezi ambao baadhi ya wazee wetu huacha vidonge vyao bila kumuuliza mtu. Ndio mwezi wa kaimati, viazi karai na chai ya sukari nyingi kila magharibi. Na ndio mwezi ambao familia huwa pamoja, kwa hivyo ni rahisi kumwambia baba au mama, "Twende ukapimwe." Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Utajibu nini juu ya kitu ambacho hujawahi hata kukiangalia?

Neno langu ni moja, mengine yote ni kulieleza hilo. Damu ni shahidi mzuri wa moyo, lakini si shahidi wa pekee, na wala si wa kwanza kuitwa. Ukijua nani aitwe kwanza, na kila mmoja anashuhudia nini, hutaogopa bure, hutatapeliwa, na hutachelewa.

1. "HUU NI UGONJWA WA MATAJIRI"

Maneno haya tumeyasikia sana: ati presha na moyo ni magonjwa ya Wazungu, ya watu wa Nairobi, ya wenye magari. Hebu tuangalie historia ya nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1929 daktari mmoja, C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kisii, aliandika matokeo ya kupima presha za Waafrika elfu moja. Aliona kwamba presha zao hazikuwa zikipanda kadiri umri unavyosonga, kinyume na alivyozoea kuona kwao Uingereza. Mwaka 1962 daktari A. G. Shaper, aliyekuwa Makerere, alichapisha uchunguzi wake juu ya Wasamburu. Hawa ni wafugaji, maziwa ndiyo chakula chao kikubwa, na maziwa yana mafuta. Ungetarajia damu zao zijae kolesteroli. Kumbe kolesteroli yao ilikuwa chini, na presha haikupanda uzeeni.

Sasa sikiliza hili. Shaper na wenzake waliwafuata pia vijana wa kifugaji kutoka kaskazini walioandikwa jeshini. Damu ilikuwa ile ile, kabila lile lile, lakini chakula kilibadilika na chumvi ikaongezeka. Presha zao zikapanda. Na mwaka 1990 ukachapishwa uchunguzi wa Waluo waliohama vijijini kwenda kuishi Nairobi. Miezi michache tu baada ya kufika mjini, presha zao zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha kwamba wanakula chumvi nyingi zaidi.

Halafu mwaka 2015 serikali ikafanya uchunguzi wa nchi nzima juu ya magonjwa haya. Karibu robo ya watu wazima walikutwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata siku moja maishani mwao.

Umeona? Kutoka Kisii ya 1929 hadi Kenya ya 2015, kilichobadilika ni maisha. Na sisi hapa je? Muorma au Mwardei aliyepoteza ng'ombe kwa ukame akahamia Garsen mjini, hatembei tena maili kufuata malisho. Mpokomo ambaye shamba lake la mpunga lilichukuliwa na mafuriko, leo anaendesha bodaboda na kula chapati na chipsi njiani. Maziwa yamekuwa chai, na chai imejaa sukari. Hatukurithi ugonjwa huu kwa wazee wetu. Tumeukuta njiani, na ndiyo maana tunaweza kuupunguza.

2. MISHIPA INAVYOZIBA

Kolesteroli ni aina ya mafuta ambayo mwili wenyewe unayahitaji, na ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa. Mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hivyo husafirishwa kwenye damu ndani ya vifurushi. Kifurushi kinachoitwa LDL kikizidi, hupenya kwenye ukuta wa mshipa na kubaki humo. Presha ya juu, sigara na sukari huumiza ukuta huo na kurahisisha kazi. Miaka kumi, ishirini, thelathini, uvimbe unakua kidogo kidogo. Huhisi kitu. Siku moja uvimbe unapasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba. Ukiziba mshipa wa moyo, ni shambulio la moyo. Ukiziba wa ubongo, ni kiharusi, na mtu hupooza upande mmoja.

Kwa hivyo yule tunayesema "alikuwa mzima, ameanguka ghafla tu", mara nyingi hakuwa mzima. Alikuwa hajapimwa. Kila nafsi ina ajali yake na hilo hatuna shaka nalo, lakini tumeamrishwa pia kufunga ngamia kisha ndipo tutawakali.

Elimu hii ilipatikana kwa kuwafuata watu kwa muda mrefu. Mwaka 1948, katika mji wa Framingham kule Marekani, madaktari walianza kuwapima watu wazima 5,209 na kuwafuatilia mwaka baada ya mwaka kuona nani ataugua moyo na nani hataugua. Hapo ndipo ilipobainika kwamba presha, kolesteroli na sigara vinatangulia ugonjwa kwa miaka mingi.

3. MASHAHIDI WALIOMO NDANI YA DAMU

Tuwaite mmoja mmoja.

Wa kwanza ni kolesteroli. Karatasi ya maabara itakuwa na mistari minne: kolesteroli yote, LDL, HDL na traigliseraidi. Kolesteroli yote ikifika 5.0 au zaidi, huhesabiwa kuwa imepanda. LDL ndiyo tunayotaka iwe chini. HDL husaidia kurudisha mafuta kwenye ini, na ikiwa chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke, si dalili nzuri. Traigliseraidi ikizidi 1.7 mara nyingi inasema habari za sukari, unene wa tumbo au ulevi. LDL ikiwa 4.9 au zaidi, usiseme ni chapati tu. Huenda ni jambo la kurithi, na ndugu zako wa tumbo moja nao wapimwe.

Wa pili ni sukari. Sukari ya mtu mwenye njaa ikiwa 7.0 au zaidi, na ikarudiwa siku nyingine ikawa hivyo hivyo, huo ni ugonjwa wa kisukari. Na kisukari ni rafiki mkubwa wa ugonjwa wa moyo. Kuna kipimo kingine kiitwacho HbA1c, ambacho huonyesha sukari ilivyokuwa kwa miezi miwili mitatu iliyopita, na 6.5 kwa mia au zaidi ni kisukari. Lakini hapa kwetu ujue jambo moja. Kipimo hiki husoma chembe nyekundu za damu, na huku pwani wako wengi waliobeba selimundu, wengine hata hawajijui. Mwenye selimundu, au mwenye upungufu wa damu, HbA1c yaweza kusema uongo. Mwambie daktari, akupime sukari yenyewe.

Wa tatu ni CRP, ambaye siku hizi anatajwa sana. CRP hupanda mwili unapowaka ndani, na uvimbe wa mishipa ya moyo ni moto wa aina hiyo, mdogo mdogo. Mwaka 2008 ulitangazwa uchunguzi uitwao JUPITER, wa watu 17,802 ambao LDL yao haikuwa juu lakini CRP ilikuwa juu. Waliopewa dawa ya statini walipata mashambulio ya moyo na viharusi kwa uchache zaidi kuliko wenzao. Habari nzuri. Lakini CRP ni moshi, na moshi haukwambii ni jiko gani linalowaka. Malaria humpandisha. Kidonda cha mguu humpandisha. Kifua, jino bovu, homa, vyote humpandisha. Mtu wa Idsowe aliyetoka kuugua malaria wiki iliyopita, akipimwa CRP ikawa juu ya 10, hilo halisemi chochote juu ya moyo wake. Apone kwanza, kisha arudie, kama kuna haja.

Wa nne ni Lp(a), ambayo husomwa "el-pi-a ndogo". Hii ni ya kurithi, haibadiliki sana maishani, na watu wenye asili ya Afrika kwa wastani wanayo zaidi. Mtu hupimwa mara moja tu. Pamoja na huyu yuko apoB, anayehesabu idadi ya vile vifurushi vibaya. Ni mashahidi wakweli, lakini ni ghali na hawapatikani kila maabara. Wanamfaa zaidi mtu ambaye baba au kaka yake alipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada yake kabla ya 65.

Wa tano ni troponini, na huyu usimchanganye na wengine. Troponini hutoka kwenye nyama ya moyo inapoumia. Ni kipimo cha dharura, cha mtu anayebanwa na kifua sasa hivi. Mtu mzima asiye na maumivu hahitaji kulipia troponini ili ajue mustakabali wake.

Na yule anayepita vijijini na kimashine cha kushika mkononi, ati kinasoma kolesteroli, figo, ini na nguvu za kiume bila tone la damu, kisha anauza dawa hapo hapo? Ndugu yangu, kolesteroli haipimwi kwa kushika chuma. Mfukoni hukai na pesa za kuchezea. Weka nauli yako ya kwenda Ngao, Hola au Malindi.

4. SHAHIDI WA KWANZA HAYUMO KWENYE DAMU

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Kuna mtu yuko tayari kupanda basi hadi Malindi kutafuta vipimo vikubwa vikubwa, na hajawahi kufungwa kile kitambaa cha presha mkononi. Huyo ameanza mwisho.

Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi mkubwa uitwao INTERHEART, ulioongozwa na Profesa Salim Yusuf, katika nchi 52, na Kenya ikiwemo. Ulionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya mashambulio ya moyo duniani inaelezwa na mambo tisa tu: mafuta mabaya kwenye damu, sigara, presha, kisukari, kitambi, msongo wa mawazo, kutokula matunda na mboga, unywaji wa pombe, na kutoushughulisha mwili. Na walipotazama Waafrika weusi peke yao, presha ilikuwa na uzito mkubwa zaidi kuliko kwa watu wengine.

Presha haihitaji sindano. Kaa dakika tano umetulia, usiwe umetoka kuvuta sigara wala kunywa kahawa, mkono uwe usawa wa moyo, upimwe mara mbili. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine. Ikirudi hivyo, hiyo ni presha ya juu hata kama kichwa hakikuumi. Tangu Septemba 2023, serikali ilipowazindua wahudumu wa afya ya jamii laki moja nchini, mikoba waliyopewa ina mashine ya presha na kipimo cha sukari cha kidoleni. Muulize wa kijiji chako.

Tena Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 chati za kukadiria hatari ya moyo kwa watu wa miaka 40 hadi 74, na nchi za Afrika Mashariki zina chati yao. Chati ni za aina mbili. Moja inataka kolesteroli na habari ya kisukari. Ya pili inataka umri, jinsia, sigara, presha, na uzito kwa urefu, basi. Yaani hata zahanati isiyo na maabara yaweza kumwambia mzee wako takriban hatari yake kwa miaka kumi ijayo. Damu inakuja kuthibitisha, na kumuonyesha daktari ni nani anayehitaji dawa zaidi.

Kwa hivyo mpangilio ni huu: presha kwanza, sukari pili, kolesteroli tatu. Hivyo vingine ni mpaka daktari aone sababu.

5. NA FUNGA JE?

Swali hili lazima liulizwe. Kutoa damu ya kipimo mchana wa Ramadhani, swaumu inabatilika? Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu hapa pwani tunaifuata, kutokwa na damu hakufunguzi. Ibn Abbas (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliumikwa hali ya kuwa amefunga. Mahanbali wana kauli nyingine juu ya kuumika, lakini wanachuoni wengi wa leo wanasema damu kidogo ya maabara haina neno. Ukiwa bado na wasiwasi, muulize sheikh wako, au kapimwe usiku.

Tena kufunga kwako kunasaidia. Kipimo cha mafuta zamani kilitakiwa kifanywe baada ya saa 9 hadi 12 bila kula. Tangu 2016 wataalamu wa Ulaya wamesema kwa watu wengi si lazima tena, lakini traigliseraidi na sukari ya njaa bado hupimwa vizuri mtu akiwa na njaa. Aliyekula daku, alasiri imeshamkuta tayari. Ila kama unahisi kizunguzungu, usijilazimishe.

Kuhusu dawa: usiache. Dawa nyingi za presha ni za mara moja kwa siku na zaweza kupangwa wakati wa daku au futari. Mwenye sukari anayetumia sindano au vidonge aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama. Na wanaouliza kama hijama inatosha badala ya vidonge, jawabu ni hapana. Anayepiga hijama na apige kwa mtu safi anayeijua kazi, lakini kidonge cha presha kibaki pale pale.

6. UKISHAPATA MAJIBU

Wapo wanaosema, "Bora nisijue." Wallahi, kutojua hakujamkinga mtu. Mshipa hauulizi kama umesoma karatasi yako au hukuisoma.

Ukikutwa uko sawa, shukuru na usilegeze kamba. Ukikutwa umepanda kidogo, anza jikoni: punguza chumvi, punguza mafuta ya mgando na ya kukaangia mara kumi kumi, futuru kwa tende, uji na matunda, embe na ndizi zetu zipo. Samaki wa mtoni na maharagwe ni chakula cha heshima. Tembea kwenda taraweh. Sigara acha kabisa. Na nyinyi vijana wa miraa na muguka, jueni kwamba vinaupigisha moyo mbio na kupandisha presha, na mnatafuna usiku kucha mkiita ni starehe.

Daktari akisema unahitaji statini au dawa ya presha, meza hata ukijiona mzima, kwani dawa hizi ni za kuzuia. Dada mwenye mimba au anayetarajia, mwambie daktari mapema, maana statini haimfai. Na weka akiba ya dawa ya wiki kadhaa. Tuliona mafuriko ya mwisho wa 2023 na ya 2024 yalivyokata barabara. Mto haungojei mtu amalize kununua vidonge.

Na mtu akibanwa na kifua, maumivu yakaenda mkono au taya, jasho baridi likamtoka, au mdomo ukapinda na mkono ukalegea, msimpe maziwa wala kumsubiri mganga. Hospitali wakati ule ule, hata ikiwa ni saa nane za usiku.

7. KAZI YETU VIJANA

Wewe kijana wa miaka ishirini, huenda damu yako haina neno leo. Lakini ni nani atakayemshika mkono mama yako mpaka zahanati? Ni nani atakayemsomea babu yako ile karatasi yenye maneno ya Kiingereza? Ni wewe uliyesoma. Mwezi huu usipite ila umempima presha kila mtu wa nyumba yenu aliyezidi miaka 40, ukaandika namba zake kwenye daftari, na aliyepanda ukampeleka mwenyewe. Na kila msikiti uongee na mhudumu wa afya wa mtaa wake aje na mashine usiku mmoja baada ya taraweh. Muwaombe na jirani zetu wasiokuwa Waislamu waje, kwani mto tunaokunywa ni mmoja na maradhi haya hayabagui.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atukubalie funga zetu, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuzitunze amana alizotupa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.